Elimu Pana kwa Bei Gani?

Mzazi anayempeleka mwanawe kusomea udaktari hahitaji kumweleza mtu chochote. Anayempeleka kusoma bayolojia, historia na falsafa kwa pamoja, katika chuo ambako mtoto hatachagua fani yake hadi mwisho wa mwaka wa pili, huulizwa na shangazi, na majirani, na hata kasisi wa parokia: "Sasa huyu atakuwa nani?" Swali hilo ni la haki. Pesa zinazozungumzwa ni nyingi, na miaka minne ya ujana hairudi.

Nawaandikia wazazi na vijana waliofaulu vizuri sekondari, ambao wamesikia habari za vyuo vya elimu pana ya sanaa na sayansi, hasa vile vidogo vya Marekani, na wanajaribu kupima kama gharama inalingana na faida. Msimamo wangu nautoa mapema. Hii ni elimu bora mno na ningependa vijana wetu wengi zaidi waipate. Lakini ubora wake umo katika namna mwanafunzi anavyofundishwa, haumo katika jina la chuo wala katika nchi. Na bei yake ina mpaka. Ukiuvuka, hakuna ubora utakaokufidia.

Tuanze na kile hasa kinachonunuliwa. Hapa Kenya, barua ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, humwita kijana chuoni ikiwa tayari imetaja kozi yake. Akitaka kuibadilisha lazima aombe uhamisho, nafasi iwepo, na alama zake za mtihani wa KCSE katika masomo husika zitoshe. Chini ya mtaala mpya wa umilisi, uamuzi umesogezwa nyuma zaidi: wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wamechagua mkondo mmoja kati ya mitatu, yaani STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, wengi wao wakiwa na miaka 15 au 16. Chuo cha elimu pana kinafuata njia nyingine kabisa. Mwanafunzi anaingia bila fani, anasoma hesabu muhula huu, ushairi na jiolojia muhula ujao, kisha anachagua fani kuu baada ya kuonja. Katika chuo cha Amherst, jimbo la Massachusetts, hakuna orodha ya masomo ya lazima kwa wote isipokuwa semina moja ya mwaka wa kwanza.

Chuo cha Williams, kilicho katika jimbo hilohilo, kina kozi za aina moja ambazo zinaonyesha vizuri pesa huenda wapi. Wanafunzi wawili hukutana na profesa mmoja kila wiki. Mmoja ameandika insha ya kurasa tano hadi saba, anaisoma. Mwenzake amekuja na hoja za kuipinga au kuikosoa. Profesa anasikiliza, anauliza, anawaelekeza. Wiki inayofuata wanabadilishana. Hakuna pa kujificha. Kijana akipitia muhula mmoja wa namna hiyo amejifunza kujenga hoja, kuitetea mbele ya mtu aliyejiandaa kuivunja, na kuiacha pale inapostahili kuachwa. Sasa fikiria ukumbi wa mhadhara wenye wanafunzi mia nne, kipaza sauti kinachokatakata, na mtihani mmoja mwishoni mwa muhula. Tofauti ya elimu ni hiyo. Na tofauti ya gharama pia ni hiyo, maana profesa anayefundisha watu wawili analipwa mshahara uleule wa anayefundisha mia nne.

Ndiyo sababu bei iliyoandikwa inatisha. Kwa mwaka wa masomo wa 2024/25, vyuo kadhaa vya binafsi vya Marekani vilipita dola 90,000 kwa mwaka ukijumlisha masomo, chumba, chakula na mahitaji mengine. Kwa kiwango cha takriban KSh 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya KSh milioni 11.6. Zidisha kwa minne, unakaribia milioni 46 na nusu. Hakuna mfanyakazi wa kawaida Afrika Mashariki anayeweza kulipa hizo, na sidhani kuna anayepaswa kujaribu.

Lakini bei hiyo si anayolipa kila mtu. Vyuo vichache vyenye hazina kubwa humpokea mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia mfuko wa wazazi wake, kisha hulipia pengo lote la mahitaji yake ya kifedha. Amherst ni kimojawapo, na Bowdoin cha jimbo la Maine kilijiunga na kundi hilo mwaka 2022. Mwaka huohuo Williams kiliondoa mikopo yote katika msaada wake na kuweka ruzuku tupu, ingawa chenyewe huangalia uwezo wa kifedha wa waombaji wa kigeni. Ugumu ni kuingia. Vyuo hivi hukubali chini ya waombaji kumi katika kila mia, na kwa wageni mlango huwa mwembamba zaidi. Mtoto wa A tupu anaweza kukataliwa bila kosa lolote.

Hatari kubwa zaidi iko kwa vyuo vya kati, vinavyompokea mtoto kwa furaha na kumpa sehemu tu. Chukua barua mbili za mfano. Ya kwanza inasema: "Hongera, umepata ufadhili wa dola 60,000 kwa mwaka." Ya pili inataja dola 83,000. Ya kwanza ni ya chuo kinachogharimu 88,000, ya pili ni ya chuo cha 85,000. Katika chuo cha kwanza familia inabakiwa na dola 28,000 kila mwaka, yaani KSh milioni 3.6, na zaidi ya milioni 14 kwa miaka minne. Katika cha pili inabakiwa na dola 2,000, yaani KSh 258,000 kwa mwaka, kama milioni moja kwa miaka yote minne. Zote mbili zitasomwa kanisani na zote zitapigiwa makofi. Mimi nashauri familia isome mstari mmoja tu wa barua hiyo: kinachobaki. Mara nyingi mstari huo haupo, na lazima uukokotoe mwenyewe kwa kutoa ufadhili kutoka kwenye gharama zote, si kutoka kwenye karo ya masomo peke yake.

Tunajua kinachotokea pale pengo linapokuwa kubwa. Harambee inafanywa, ng'ombe wanauzwa, mwaka wa kwanza unalipwa. Mwaka wa pili wachangiaji hawapo tena. Mtoto anasimamishwa masomo akiwa ugenini, na viza ya mwanafunzi haimruhusu kukaa bila kusoma. Sakata la mpango wa masomo ya Finland na Canada lililozuka Uasin Gishu mwaka 2023 liliwaumiza wazazi waliokuwa wamelipa kwa kujinyima; wengine watoto wao hawakuondoka kamwe, na wengine walifika wakakuta karo haijalipwa. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, haigharamii masomo ya Marekani, na benki itataka hati ya shamba. Kwa hiyo naweka kanuni yangu bila kuzunguka: kama kinachobaki kwa mwaka ni zaidi ya kile familia inaweza kulipa kutoka kwenye kipato chake cha kawaida, bila harambee na bila kuuza mali, jibu ni hapana. Hata chuo kiwe kizuri namna gani.

Kuna gharama ambazo barua hazitaji kabisa. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya viza ni dola 185, na zote hulipwa kabla hujajua kama viza utapewa. Kuna tiketi ya ndege, bima ya afya, na nguo za baridi. Kuna pia kodi, ambayo huwashtua wengi: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula huhesabiwa na serikali ya Marekani kuwa kipato, na kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kutoka nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, kama Kenya au Tanzania, hukatwa asilimia 14. Ufadhili wa chumba na chakula wa dola 18,000 unazaa kodi ya dola 2,520. Vyuo vingine huilipia, vingine humwachia mwanafunzi. Uliza kwa maandishi. Uliza pia mabweni yanafungwa lini wakati wa likizo, na anayeshindwa kurudi nyumbani Krismasi analala wapi na anakula kwa nani. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini pesa hizo ni za sabuni, vitabu na simu. Asikudanganye mtu kwamba zitalipa karo.

Chuo kimoja kinastahili kutajwa peke yake. Berea, katika jimbo la Kentucky, kilianzishwa 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa, na tangu 1892 hakimtozi mwanafunzi yeyote karo ya masomo. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki: shambani, maktabani, jikoni, au kwenye karakana ambako hufuma mablanketi na kutengeneza fagio zinazouzwa. Wanafunzi wa kigeni wanaokubaliwa hulipiwa masomo, chumba na chakula mwaka wa kwanza, na miaka inayofuata hutarajiwa kuchangia kiasi kidogo kutokana na kazi za likizo. Kuna amana ya kulipa kabla ya kuondoka, na nafasi kwa wageni ni chache sana. Kwa familia maskini yenye mtoto hodari na asiyeogopa kazi, mimi ningeanzia hapo kabla ya kutazama vyuo vyenye majina makubwa.

Je, kwa nini tuhangaike na Marekani? Swali hilo lina uzito zaidi sasa. Tangazo la Juni 2025 liliwazuia raia wa Burundi kupata viza mpya za wanafunzi za Marekani, na lile la Desemba 2025 likaiongeza Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya namna hiyo kuanzia Januari 2026. Kwa Mtanzania anayesoma haya, barua nzuri kutoka Massachusetts inaweza kuwa karatasi tu kwa wakati huu. Asilipe ada yoyote ya maombi kabla ya kupata jibu la ubalozi.

Elimu ya aina hii ipo pia barani mwetu. Patrick Awuah, Mghana aliyesoma katika chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, alifungua Ashesi mwaka 2002, na leo chuo hicho kiko Berekuso, nje kidogo ya Accra. Kinafundisha biashara, kompyuta na uhandisi, lakini kila mwanafunzi hupitia kwanza masomo ya msingi ya kuandika, kufikiri, maadili na historia ya Afrika. Mkenya hahitaji viza ya F-1 wala koti la theluji, na kuna ufadhili wa Mastercard Foundation kwa wasio na uwezo. Nairobi kuna USIU-Africa, kilichoanza 1969, chenye ithibati ya Marekani na ya Kenya, ambako wanafunzi wa fani zote husoma kozi za elimu ya jumla; hulipisha kwa idadi ya kozi, kwa hiyo mzazi anaweza kuona kila muhula anagharimia nini. Uholanzi nayo ina vyuo vidogo vya elimu pana ndani ya vyuo vikuu vyake tangu kile cha Utrecht mwaka 1998, na shahada huchukua miaka mitatu badala ya minne. Hiyo ni nafuu ya mwaka mzima, ila karo ya mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya ni maelfu mengi ya yuro na ufadhili ni haba kuliko Marekani. Na kabla ya kuvutiwa na chuo kipya chenye jina la kigeni, kumbuka kilichotokea Singapore: Yale-NUS kilianzishwa 2011, mwaka 2021 kikatangaziwa kufungwa, na wanafunzi wake wa mwisho wakahitimu 2025. Walipata shahada zao, lakini chuo kilichoandikwa kwenye vyeti vyao hakipo tena.

Upande wa nyumbani, hesabu ni tofauti kabisa. Baada ya marekebisho ya serikali, kuanzia Septemba 2025 karo katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya ilitangazwa kuwa kati ya KSh 5,850 na 75,000 kwa muhula kutegemea kozi. Kozi za sanaa na sayansi za jamii ziko mbali na kilele hicho, ambacho ni cha udaktari na jamaa zake. HELB inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hupigwa faini ya KSh 5,000 kila mwezi. Tanzania, bodi ya mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu hadi deni liishe, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikizidisha madeni, ilifutwa 2021. Pamoja na bumu lisilotosha na foleni za hosteli, hii bado ndiyo shahada ambayo mtoto wa mkulima anaweza kuimaliza bila familia kupoteza ardhi.

Anayebaki nyumbani anaweza kujijengea upana kwa makusudi. Achague B.A. au B.Sc. yenye masomo mawili, si moja. Atumie kozi za hiari kujifunza takwimu kama ni mtu wa historia, na historia kama ni mtu wa takwimu. Ajifunze lugha ya tatu. Amtafute mhadhiri anayerudisha kazi zikiwa na maandishi ya wino pembeni, amsome huyo hata kama kozi yake ni ngumu. Ile semina ya watu wawili na profesa anaweza kuitengeneza na wenzake watatu hosteli, kila wiki mmoja akileta insha.

Sasa lile swali la shangazi. Lazima tukiri kwamba shahada ya elimu pana haifungui moja kwa moja milango ya taaluma zenye bodi. Bayolojia ya Amherst haimfanyi mtu daktari. Udaktari Marekani husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vyake vingi havipokei wageni. Uanasheria kule ni vivyo hivyo, ilhali hapa Kenya kijana huanza LL.B. akitoka sekondari. Fizikia safi haimsajili mtu kuwa mhandisi. Anayetaka kufundisha shule za umma akiwa na B.A. au B.Sc. atahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu juu yake. Cheti cha nje nacho lazima kitambuliwe na mamlaka husika, yaani KNQA kwa Kenya au TCU kwa Tanzania. Kwa mtoto anayejua kwa hakika, tangu moyoni mwake, kwamba anataka kuwa daktari au mhandisi hapa nyumbani, njia fupi na nafuu ni kozi hiyohiyo hapahapa. Simshauri azunguke.

Kwa wengine wote, ushahidi unanipa imani. Kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Georgetown kilichapisha mwaka 2020 hesabu za vyuo vya elimu pana vya Marekani. Baada ya miaka 10 tangu kujiunga, faida ya katikati kwa mwanafunzi ilikuwa dola 62,000, chini ya ile ya vyuo vyote kwa jumla, 107,000. Baada ya miaka 40 mambo yalikuwa yamegeuka: dola 918,000 dhidi ya 723,000. Takwimu hizo ni za soko la Marekani, na sehemu ya faida hiyo inatokana na aina ya wanafunzi wanaoingia vyuo hivyo. Hata hivyo mwelekeo wake unaaminika: elimu hii huchelewa kulipa. Familia inayohitaji mshahara wa mtoto mara tu atakapohitimu, ili wadogo zake wasome, izingatie kuchelewa huko kwa uzito wote.

Namfikiria Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya. Mwaka 1960 aliondoka na vijana wapatao mia tatu katika safari za ndege alizozipanga mwanasiasa Tom Mboya, akaenda chuo kidogo cha masista wa Kibenediktini, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Alisoma bayolojia kama fani kuu, na pembeni yake kemia na Kijerumani. Kijerumani! Nani angemshauri binti wa Nyeri mwaka 1960 kupoteza muda kwa Kijerumani? Aliporudi Nairobi mwaka 1966, kazi aliyoahidiwa kwa barua alikuta amepewa mtu mwingine. Aliyemwajiri baadaye alikuwa profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuendelea na utafiti. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Somo la pembeni lilikuja kumfaa mlangoni pa kazi, jambo ambalo hakuna mshauri wa kazi angeweza kulitabiri. Na kazi aliyokuja kufanya, ya kuunganisha miti, maisha ya wanawake na siasa za ardhi, haikuwa na kozi popote duniani.

Ikumbukwe pia kwamba masomo yake yalilipiwa na wengine. Leo kuna wanaofanya kazi kama hiyo kwa uaminifu: KenSAP, iliyoanza 2004 na kambi zake za mafunzo Iten, na Zawadi Africa, iliyoanzishwa 2002 na Susan Mboya, binti wa Tom Mboya, kwa ajili ya wasichana. Vituo vya EducationUSA katika balozi za Marekani navyo hutoa ushauri bure. Mtu anayekudai laki tatu "kukuombea chuo" hakupi kitu ambacho hawa hawakupi bila malipo.

Barua zikifika mwezi wa Machi au Aprili, usilipe amana ya kushika nafasi siku hiyohiyo. Vyuo vingi vya Marekani hungoja jibu hadi tarehe 1 Mei, na katika majuma hayo ofisi ya misaada ya kifedha hupokea barua za kuomba nyongeza na kuzijibu. Tuma karatasi ya mshahara au mapato ya shamba, idadi ya wadogo wanaosoma, na barua ya chuo kingine kilichotoa zaidi, kisha uliza maswali matatu: kinachobaki kwa mwaka ni kiasi gani, kitaongezeka karo ikipanda, na kodi ya asilimia 14 inalipwa na nani. Mtoto mwenyewe ndiye aandike, kwa maneno yake. Na nafasi ya KUCCPS isiachwe hadi majibu hayo yawe mkononi na viza iwe imegongwa kwenye pasipoti.